Mtoto Mwenye Usonji Kando ya Ziwa: Kumwelewa, Kumlinda na Kumtafutia Msaada

UTANGULIZI

Ukiwa Rumonge mjini, Minago, Magara, Kizuka, Nyanza-Lac au kwingine kokote kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kipindi cha leo ni chako. Ni chako pia ikiwa umerudi kutoka kambi za Tanzania, au ikiwa umevuka kutoka Kongo kutafuta usalama na sasa unalea watoto wako mahali pageni.

Leo tunazungumzia usonji. Hospitalini utasikia daktari akiuita otisime, kwa kufuata Kifaransa. Huenda hujawahi kusikia neno lolote kati ya hayo mawili, lakini mtoto mwenye hali hiyo unamfahamu. Ni yule anayeitwa jina lake mara tano bila kugeuka. Anazungusha kifuniko cha bidoni saa nzima na hataki kukiacha. Anaziba masikio mashine ya mawese inapowashwa. Majirani wanasema amerogwa, wengine wanasema mama yake hakumlea vizuri. Na mara nyingi ni yule yule ambaye mlango ukiachwa wazi dakika mbili tu, anakutwa amefika majini.

Tutaeleza usonji ni nini na si nini, uanzie wapi kutafuta msaada, ufanye nini nyumbani, na jinsi ya kumlinda mtoto huyu asife maji.

SEHEMU YA KWANZA: USONJI NI NINI?

Usonji si ugonjwa unaoambukiza. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua na kufanya kazi, tofauti na ubongo wa watu wengi. Huanza kabla ya mtoto kuzaliwa au mapema sana katika maisha yake, na mtu huishi nao mpaka uzeeni. Daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Marekani, aliueleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Watoto wa namna hiyo walikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni jina la hali yao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu, usikubali. Wapo katika kila nchi, kabila na dini, kwa tajiri na kwa maskini.

Dalili zake ziko katika mambo mawili makubwa.

La kwanza ni mawasiliano na watu. Mtoto haangalii uso wako, au anauangalia kidogo sana. Hanyooshi kidole kukuonyesha boti au ndege. Anachelewa kusema, au anarudia maneno uliyosema wewe badala ya kukujibu. Akitaka maji, anakushika mkono na kukupeleka kwenye mtungi bila kutamka neno. Wengine husema vizuri kabisa, lakini hawaelewi utani wala hawajui wakati wa kunyamaza.

La pili ni kurudiarudia, na hisi zilizo kali mno au hafifu mno. Mtoto anapunga mikono, anajitikisa, anapanga mawe kwa mstari. Anataka njia ile ile, sahani ile ile, nguo ile ile, na kitu kidogo kikibadilika analia kama aliyechomwa moto. Sauti, mwanga au harufu ambayo kwako ni ya kawaida inaweza kumuumiza. Mwingine ni kinyume chake: anaanguka na kutokwa damu bila kulia.

Zingatia miezi hii. Mtoto wa miezi 12 ambaye hanyooshi kidole wala habwabwaji, wa miezi 16 asiyesema neno hata moja, na wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, apelekwe kuonwa. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe bila kuchelewa.

Watoto hawa hawafanani. Mmoja hatasema maisha yake yote, mwingine atakuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Wavulana hugunduliwa zaidi kuliko wasichana, lakini sababu moja ni kwamba msichana mkimya husifiwa kuwa ana adabu, na hakuna anayeuliza kwa nini yuko kimya.

SEHEMU YA PILI: USONJI SI NINI?

Si laana, si jini, wala si adhabu kwa kosa la wazazi. Sayansi inaonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa, kama vile mtoto anavyorithi urefu au sura, na mambo mengine ya wakati wa mimba na kuzaliwa yanaweza kuchangia.

Si kosa la mama. Kuna methali tunayoipenda: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ni nzuri, lakini hapa inatumiwa vibaya, kumpiga nayo mama ambaye tayari amechoka. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani walifanya kosa hilo. Kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20 walidai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Utafiti ulikuja kuonyesha kuwa si kweli, lakini akina mama wengi walikuwa wamekwisha kuumizwa. Tusilirudie kosa hilo hapa kwetu.

Si chanjo. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza aliandika kwamba chanjo ya surua ina uhusiano na usonji, akitumia watoto 12 tu. Jarida lililochapisha makala yake liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo yeye alinyang'anywa ruhusa ya kufanya kazi ya udaktari. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Surua inaua watoto. Usimnyime mtoto chanjo kwa kuogopa usonji.

Wala si wingi wa lugha. Kwetu mtoto anasikia Kirundi nyanyake akizungumza, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, na pengine Kibembe kwa jirani. Watu husema ndiyo maana amechanganyikiwa. Lugha mbili au tatu hazileti usonji, wala hazimzidishii. Zungumza naye lugha inayotoka moyoni mwako.

SEHEMU YA TATU: UANZIE WAPI?

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Tangu mwaka 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali nchini Burundi. Kwa hiyo usingoje mtoto afike umri wa kuanza shule.

Mambo mawili yaangaliwe kwanza. Moja ni masikio: mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa, na tatizo lake linahitaji msaada mwingine. Jambo la pili ni kifafa na malaria kali. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto ulemavu wa kusema au kutembea. Na watu wenye usonji wanapata kifafa zaidi kuliko wengine. Kifafa kina dawa. Ukiona mtoto anakakamaa, anapoteza fahamu au anakodoa macho ghafla kana kwamba hayupo, mwambie mhudumu wa afya.

Usiende mikono mitupu. Hatusemi pesa, tunasema habari. Wiki moja kabla ya kwenda, andika au mwombe mtu akuandikie: mtoto alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lilikuwa lipi, nini kinamliza, nini kinamtuliza, anaombaje kitu. Ukiwa na simu yenye kamera, mrekodi kidogo akicheza. Mhudumu ana dakika chache na mgonjwa wa kumi anangoja mlangoni. Karatasi yako itamsaidia kuona kile ambacho mtoto hataonyesha siku hiyo.

Kituo cha afya kinaweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya Rumonge, na kutoka hapo unaweza kupelekwa Bujumbura. Huko Kamenge kuna Kituo cha Magonjwa ya Akili na Neva, kinachosimamiwa na Mabruda wa Upendo. Wengi huogopa jina la Kamenge, wakidhani ni mahali pa vichaa tu. Kamenge wanatibu pia kifafa na matatizo mengine ya ubongo, na kumpeleka mtoto huko si kumtia alama.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa kuwa linagusa mfuko wako. Hakuna dawa inayoondoa usonji, ya hospitali wala ya mitishamba. Zipo dawa za kifafa au za kusaidia usingizi. Lakini mtu yeyote akikuambia lete mbuzi, lete faranga laki tatu, na mtoto atasema baada ya siku saba, mtu huyo anauza asichokuwa nacho. Kuomba dua na kusali ni haki yako na kunatia moyo nguvu. Kumfunga mtoto njaa, kumchanja, kumchoma au kumfukizia moshi eti jini litoke ni kumuumiza mtoto asiyeweza hata kusema kwamba anaumia.

SEHEMU YA NNE: KAZI YA NYUMBANI

Msaada mkubwa kuliko wote hautoki Bujumbura. Unatoka kwako wewe unayekaa na mtoto kila siku. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa ajili ya wazazi mahali ambapo wataalamu ni wachache, na msingi wake ni kwamba mtoto hujifunza katika shughuli za kawaida za nyumbani. Huhitaji vifaa vya duka.

Kwanza, mfuate anakopenda. Kama anapenda kumimina mchanga, kaa chini umimine naye. Usimnyang'anye. Akishakuzoea katika mchezo wake, ataanza kukutazama.

Pili, sema maneno machache. Badala ya kusema, "Haya njoo basi upesi tule kabla chakula hakijapoa," sema, "Njoo. Kula." Kisha ngoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia, maana wengine wanasikia vizuri ila jibu linachelewa kutoka.

Tatu, mpe njia ya kuomba hata kama hasemi. Mwonyeshe vitu viwili, ndizi na kiazi, achague kwa kugusa. Chora picha kwa mkaa kwenye kipande cha katoni: kikombe, sahani, mkeka, choo. Watu wengine huogopa kwamba picha zitamfanya asiseme. Sivyo. Mtoto anayeweza kuomba hulia kidogo na hujaribu zaidi.

Nne, siku iwe na utaratibu. Kuamka, kuoga, uji, kucheza, kulala, kwa mpango ule ule. Mabadiliko yakija, mwambie mapema na umwonyeshe. Hili ni gumu kwa familia zilizohama. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia majumbani, kila mtu aliteseka, lakini kwa mtoto mwenye usonji kuhama ni kama dunia nzima kubadilika usiku mmoja. Ukilazimika kuhama, beba kitu chake kimoja anachokijua: kitambaa, kikombe, hata kile kifuniko cha bidoni. Mara nyingi kitamtuliza kuliko maneno.

Tano, angalia kinachomuumiza. Huenda anakataa ndagala kwa sababu ya harufu, si kwa ukaidi. Huenda anapiga kelele sokoni kwa sababu sauti ni nyingi mno kwake. Mpeleke asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, au mfunike masikio kwa kitambaa. Akilipuka kwa kilio, usimpige. Mtoe kwenye kelele, kaa karibu, nyamaza, ngoja ipite.

SEHEMU YA TANO: MTOTO NA MAJI

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo uhai ulipo.

Watoto wengi wenye usonji hutoroka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji waliofikisha miaka 4 walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja. Na wengi hupenda maji: yanang'aa, yanatikisika, yanatuliza. Utafiti mwingine wa huko huko, uliotoka mwaka 2017, ulikuta kwamba hatari ya mtoto mwenye usonji kufa maji ni mara 160 kuliko ya watoto kwa ujumla. Huko Marekani nyumba nyingi ziko mbali na ziwa. Kwetu mji wenyewe umekaa ufukweni, na kuna mito, mitaro na mashimo ya maji ya mvua. Ziwani kwenyewe kuna mamba na viboko.

Wazazi wengine huamua kumfunga mtoto kamba. Hatuji hapa kuwahukumu. Tunajua mama anakwenda kuanika ndagala, baba amelala baada ya usiku wa uvuvi, na hakuna wa kumwachia. Lakini kamba inakata ngozi, inadhoofisha miguu, inamfanya mtoto azidi kuogopa na kutaka kutoroka. Na moto ukitokea, hawezi kukimbia. Fanya haya badala yake.

Weka komeo juu ya mlango asikoweza kufika, ambalo mtu mzima anaweza kulifungua haraka. Funga kengele au makopo mlangoni yalie akifungua. Zungushia ua wa matete au miti kama unaweza. Funika visima na mapipa ya maji.

Pangeni zamu. Mtu mmoja awe na jukumu, kwa jina. Tukisema, "Sote tunamwangalia," maana yake hakuna anayemwangalia. Anayetoka amkabidhi mwenzake kwa kutamka: "Dada, sasa yuko mikononi mwako."

Waambie majirani, nyumbakumi na wavuvi wa mwalo wenu. Waeleze: mtoto huyu hajibu akiitwa, hatasema jina lake, mkimwona karibu na maji mshikeni taratibu bila kumpigia kelele, mnipigie simu. Andika namba yako ya simu kwenye nguo yake kwa kalamu isiyofutika, au ishone ndani ya ukosi.

Mtoto akipotea, anza kutafuta majini. Usianze chini ya kitanda wala kwa shangazi. Mtume mtu mmoja mbio ziwani na mwingine mtoni, kisha ndipo mtafute kwingine. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa.

Akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini na usimkande tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umebana pua. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo huku wenzako wakitafuta chombo cha kumpeleka hospitalini. Hata akiamka, apelekwe.

Na kama kuna kijana anayejua kuogelea vizuri, mwombe amfundishe mtoto polepole, mahali penye maji mafupi, mtu mzima akiwa ameshika mkono. Watoto wengi wenye usonji hujifunza kuogelea. Lakini kujua kuogelea hakuondoi zamu ya kumwangalia.

SEHEMU YA SITA: SHULE, KAZI NA HAKI

Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kukuza na kulinda haki za watu hao. Mtoto wako ana haki ya kusoma. Tunajua sheria iko kwenye karatasi na darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Hata hivyo, nenda kwa mkurugenzi wa shule kabla ya mwaka wa masomo kuanza, pamoja na mtu anayeheshimika mtaani. Omba mambo madogo yanayowezekana: akae mbele mbali na dirisha, aruhusiwe kutoka nje kidogo kelele zikizidi, aanze kwa saa mbili kwa siku, na mwalimu ajue kwamba kunyamaza kwake si dharau.

Majirani zetu wameonyesha kwamba inawezekana katika shule za kawaida za serikali. Jijini Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Nairobi, Shule ya Msingi City nayo inacho.

Kwa msaada wa kijamii, ulizia kituo cha maendeleo ya familia na jamii, ambacho wengi wanakijua kwa herufi CDFC. Kama wewe ni mkimbizi au umerejea, mwambie anayekuandikisha kwamba mtoto wako ana ulemavu wa mawasiliano, na hakikisha limeandikwa. Lisipoandikwa, hatahesabiwa katika misaada inayolenga watu wenye mahitaji maalumu.

Na usisahau kwamba mtoto anakua. Mtu mzima mwenye usonji anaweza kupanga ndagala kwenye vichanja kwa mstari ulionyooka kuliko wa mtu yeyote, kuchambua mbegu za mawese, kutengeneza nyavu, kutunza hesabu. Mpe kazi inayofanana kila siku, umwonyeshe kwa mikono badala ya maneno mengi, na umlipe kama wengine. Kumfanyisha kazi bure kwa sababu hajui kudai ni dhuluma.

KABLA HATUJAAGANA

Wiki hii, kama unaye mtoto wa namna hii, fanya mambo matatu: mpeleke kituo cha afya ukiwa na ile karatasi yako, weka komeo juu ya mlango, na uwaambie majirani watatu jinsi ya kumrudisha.

Na kama huna mtoto wa namna hii ila jirani yako anaye, kazi yako ni nyepesi zaidi. Usimuulize mama yule alifanya kosa gani. Muulize, "Mama, leo nikushikie mtoto saa ngapi, ukapumzike?" Kisha kaa naye kweli, na macho yako yawe kwa mtoto.

Nakala hii mpe mwingine akishindwa kusikia redio.